Glavu kwenye usukani wa nyumbani: tuvae au tushike mikono mitupu?

GiaYaTatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mtu akiweka picha ya simuleta yake, yaani usukani na kiti cha kuendeshea mbio za magari kwenye kompyuta, na glavu mkononi, lazima atokee wa kumuuliza anaogopa moto gani chumbani. Nami niliwahi kuuliza hivyo hivyo. Niliendesha mikono mitupu miaka mitatu. Huu ni mwaka wa pili navaa, na leo nataka niseme kwa nini, kisha mnipinge pale mtakapoona nimekosea.

Tuanze na huo moto ili tumalizane nao. Dereva wa gari la kweli anavaa glavu kwanza kabisa kwa sababu ya moto. Zinazoruhusiwa kwenye mashindano ya kimataifa zina alama ya kiwango cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kama 8856-2018, na kitambaa chake ni cha nyuzi zisizoshika moto kama Nomex. Waliotazama mbio za Bahrain mwaka 2020 wanamkumbuka Romain Grosjean akichomoka kwenye miali baada ya sekunde zipatazo 28. Alitoka hai, lakini mikono iliungua, na glavu alikuwa nazo. Tangu 2018 glavu za Formula 1 zina hata kihisi kidogo kilichoshonwa ndani, kinachowapelekea madaktari mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kwenye damu.

Sisi hatuna moto wala daktari anayesubiri kando ya sakiti. Kwa hiyo anayesema "vaa kwa kuwa madereva wa kweli wanavaa" hajajibu swali letu. Lakini anayesema "usivae kwa kuwa hakuna moto" naye hajalijibu. Moto ni sababu moja tu. Kuna jasho, kuna msuguano, na kuna rimu yenyewe, yaani lile duara la usukani tunalolishika.

Kilichonibadilisha mimi ni rimu. Yangu imevikwa Alcantara. Kwa asiyeijua, si ngozi ya mnyama. Ni kitambaa cha kiwandani, poliesta na poliurethani, kinachofanana na swedi, ile ngozi laini yenye vinyweleo, ukikigusa. Kikiwa kipya, ukipitisha kidole kinaacha mstari, kama zulia lililofagiliwa upande mmoja. Baada ya miezi kama kumi niliwasha taa ya pembeni nikaona sehemu mbili, kushoto na kulia, pale viganja vinapokaa: zimekuwa nyeusi zaidi na zinang'aa, kama kola ya shati lililovaliwa juma zima. Vinyweleo vimelala, vimeshikana. Mkono ukifika pale unateleza. Ukiteleza unabana. Ukibana unatoka jasho zaidi, na jasho linakwenda pale pale.

Nikachukua kitambaa cheupe, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni isiyo kali na mswaki laini. Nilisugua taratibu kwa miduara, sehemu ndogo ndogo, nisiiloweshe rimu. Kitambaa kilitoka na rangi ya maji ya dimbwi. Nikasuuza, nikarudia, mara nne. Niliiacha ikauke kivulini usiku kucha, asubuhi nikapitisha mswaki mkavu, vinyweleo vikasimama. Si vyote. Pale gumba la kulia linapokaa hapajarudi mpaka leo, na kila nikiketi ninapahisi.

Nikaanza kusoma kuhusu jasho, na hapo nikajifunza mambo mawili ambayo sikuyajua. La kwanza: viganja na nyayo ndizo zenye tezi nyingi sana za jasho, na hizi haziamshwi na joto peke yake. Wasiwasi na msisimko huziamsha hata chumba kikiwa baridi. Ndiyo maana unaweza kuwa na sweta mwilini na mikono ikalowa mzunguko wa mwisho, mtu akiwa nyuma yako nusu sekunde. Feni itakupoza uso, lakini jasho la namna hii halikomi kwa feni. La pili: kiganja hakina tezi za mafuta. Yale mafuta yanayoua Alcantara yanatoka kwingine: umejifuta uso, umejishika nywele, umepaka losheni, kisha ukaketi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama rimu yako ni ya Alcantara au swedi, vaa. Kama ni ya mpira, sioni haja, mpira unasafishika kwa kitambaa chenye unyevu na mambo yameisha. Ngozi iko katikati: inastahimili, lakini chumvi ya jasho inaikausha kidogo kidogo, na anayetoka jasho jingi ataiona ikikakamaa. Zile rimu zenye utando laini wa plastiki, ule unaogeuka kuwa kama gundi baada ya miaka, sijui niseme nini zaidi ya pole. Utando ule huvunjika wenyewe kwa unyevu, hata wa hewani, na jasho halisaidii.

Ila kasi? Hapana. Nilijipima: mizunguko 20 na glavu, 20 bila, gari lile lile, sakiti ile ile, jioni moja. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya mzunguko wangu mmoja na unaofuata. Anayenunua glavu akitarajia kupunguza muda wake atasikitika.

Karibuni.

KonaKali

Mkuu, la rimu nakubaliana nalo. Kuna jambo umelipita haraka, nalo ni la wengi wetu tusio na mota kubwa ya kuusukuma usukani.

Natumia Logitech G29. Ni usukani wa gia, yaani mota yake inausukuma kupitia meno ya gia, na nguvu yake inazidi kidogo tu 2 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kwenye usukani wa namna hii habari za matairi zinakuja kama mnong'ono. Matairi ya mbele yanapoanza kuachia, usukani unakuwa mwepesi, kidogo sana, na mimi wepesi ule naupata kwenye vidole kabla macho hayajaona kwamba pua ya gari imekataa kuingia. Nilivaa glavu za kazi kwa siku tatu kujaribu. Mnong'ono ulipotea. Nilikuwa najua gari limeniponyoka likishaniponyoka.

Halafu vitufe. Vyangu vimekaa karibu karibu. Naingia kubadilisha matairi, nataka kitufe cha kupunguza mwendo, gumba lenye kitambaa likabonyeza viwili kwa pamoja. Nikapita mstari kwa kasi, adhabu, mbio zimekwisha. Saa nzima ya kazi ikapotea kwa sababu ya unene wa kitambaa.

Nafanya hivi: nanawa kwa sabuni kabla ya kuketi, nakausha hadi katikati ya vidole, losheni sipaki mpaka nimalize. Rimu yangu ni ya ngozi, ina miaka minne, haijang'aa.

BrekiYaMwisho

Kaka KonaKali, kwa usukani wa gia uko sahihi kabisa. Ila ngoja nikusimulie upande wa pili, maana mimi nilihama kutoka kwenye usukani kama wako.

Mota yangu rimu inakaa moja kwa moja juu ya shafti, hakuna mkanda wala gia, na inafika 12 Nm. Wiki ya kwanza niliiacha kwenye nguvu zote, nikaingia na timu kwenye mbio ndefu, zamu yangu ikiwa ya muda wa saa mbili. Dakika ya 40 nikahisi joto chini ya gumba la kushoto, pale nyama ya kiganja inapolala juu ya mshono wa rimu. Dakika ya 70 lengelenge likapasuka. Hukosi kujua, kwa sababu chumvi ya jasho inaingia papo hapo. Zamu iliyobaki niliimaliza nikishika kwa vidole vinne, gumba limesimama peke yake, na kila nilipopanda ukingo wa kona usukani ulikuwa unanisugua palepale.

Nikaja kupiga hesabu. Rimu yenye kipenyo cha sentimita 30, ukigawanya 12 Nm kwa mita 0.15 unapata nyutoni 80. Ni kama kilo nane zinavuta ukingoni mwa rimu, si mara moja, bali huku na huku kwa saa mbili. Kwa 2 Nm ni kilo moja na kitu. Kwa hiyo mimi na KonaKali tunajadili kitu kimoja kwa jina, ila kwa mkono ni vitu viwili.

Sasa sikilizeni hapa. Nilinunua glavu, na lengelenge la pili likaota NDANI ya glavu. Muuzaji aliniambia ni za mbio, lakini mishono ya vidole ilikuwa kwa ndani, na zilikuwa kubwa kwangu kwa saizi moja. Kitambaa kilikuwa kinajikunja kiganjani, mkunjo unasugua, jasho limejaa. Ngozi yenye unyevu inakamata zaidi kuliko ngozi kavu, na inapokamata tabaka la juu linavutwa upande mmoja na la chini linabaki. Lengelenge ni hilo. Glavu mbovu ilinipa unyevu na mkunjo kwa pamoja.

Kilichoniponya kilikuwa kupunguza nguvu. Nilishusha hadi 7 Nm. Nikagundua kwamba kwenye 12 nilikuwa nimebana kwa hofu, nikisubiri usukani uniponyoke. Siku hizi kila kwenye mnyoofu, pale sakiti inaponyooka, nafungua vidole vyote, kimoja kimoja, kisha narudisha. Timu yangu wananijua kwa hilo, nawaambia kwenye redio "nafungua". Baada ya hapo ndipo nikatafuta glavu nzuri, zenye mishono kwa nje, zinazobana kama ngozi ya pili. Tangu hapo sijapata lengelenge hata moja.

Na tafadhali, wenye mota kubwa: magumba yasizunguke ndani ya mikono ya rimu, ile vyuma inayounganisha duara na katikati ya usukani. Yalaze juu. Gari likigonga ukuta usukani unaweza kuzunguka kabla hujaachia, na hapo glavu haikusaidii chochote.

MgeniWaSakiti

Habari zenu wakubwa. Nimeanza mwezi uliopita. Nina glavu za baiskeli zile zisizo na ncha za vidole, na nyingine za kazi za bustani. Nianze na hizo au napoteza muda? Natumia miwani ya uhalisia pepe, kwa hiyo vitufe sivioni kabisa, napapasa.

GiaYaTatu (mleta uzi)

Karibu sana, mdogo wangu.

Za bustani ziache. Zile zenye mpira kiganjani zimekusudiwa kushika jembe na miiba. Zina unene usiolingana, na mpira ule ukikutana na Alcantara unang'ang'ania na kung'oa vinyweleo.

Za baiskeli jaribu, hasa kwa sababu ya miwani yako. Anayepapasa anahitaji ncha za vidole. Kasoro yake ni mbili: nyingi zina vijimto kiganjani vilivyowekwa kupunguza mtikisiko wa barabara, na mtikisiko ndio hasa tunaoutafuta sisi. Ukipata zisizo na vijimto ni nzuri mno. Kasoro ya pili, ncha za vidole zitaendelea kugusa rimu, kwa hiyo nawa.

Kama unataka kununua, tafuta za gokati, vile vigari vidogo vya mbio. Hazina masharti ya moto kama zile za magari makubwa, kwa hiyo ni nyepesi, zinapitisha hewa, na kiganja chake ni chembamba. Za FIA ni nzuri pia lakini tabaka la kuzuia moto linaongeza joto ambalo wewe hulihitaji. Za mafundi wa magari wengi wanazitumia na hazina ubaya, mradi kiganja kisiwe kimeongezwa kipande cha pili.

Angalia vitu hivi ukiwa umeivaa. Kunja ngumi, fungua, kisha tazama kiganja: kitambaa kisibaki kimekunjamana. Ncha ya kidole isiwe na nafasi mbele. Jaribu kuokota sarafu mezani. Ukishindwa kuiokota, vitufe utavikosea kama alivyosema KonaKali. Na mishono ikiwa kwa nje utaiona kwa macho, imetokeza kama ukingo kwenye vidole; inaonekana vibaya dukani, ila ndiyo unayoitaka.

Kiganja cha glavu kina aina mbili kuu. Kuna chenye michoro ya silikoni na kuna cha swedi au ngozi. Silikoni inakamata vizuri sana kwenye rimu ya ngozi au ya plastiki. Kwenye Alcantara mimi napendelea swedi, kwa sababu silikoni inakamata mno. Mkono unatakiwa uweze kuteleza pale unapotaka wewe, hasa unapoachia usukani ujirudie wenyewe mkia wa gari ukiwa umeteleza nje.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: ukipata nafasi siku moja ya kukaa kwenye gari la kweli la mbio, usiende na hizi za nyumbani. Nailoni na poliesta zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kule vaa zenye alama ya FIA.

MikonoMaji

Mimi nitoe ushuhuda kwa wenye hali kama yangu, maana hatuongelewi.

Mikono yangu inatoka jasho tangu utotoni, muda wote, hata nikiwa nimelala mbele ya feni. Nikiandika karatasi inalowa. Nilipoanza mbio hizi nilikuwa nafungia taulo dogo pajani, kila mnyoofu mkono mmoja unaachia, unafuta, unarudi. Nilidhani ndivyo nitakavyoendesha maisha yangu yote.

Glavu zimenipa mchezo huu upya. Nina jozi tatu nyembamba, nazibadilisha. Mbio za saa moja nabadilisha gari likisimama kuongezewa mafuta, kuna sekunde za kutosha kama jozi ya pili umeiweka wazi kwenye paja na mikanda yake imefunguliwa. Kwangu mimi hoja ya kusikia matairi inageuka: mkono mtupu ulioloa hausikii chochote, unateleza tu. Nilianza kusikia usukani siku niliyovaa.

Kama na wewe uko hivi, nenda kamwone daktari wa ngozi pia. Ni hali inayojulikana kitabibu na inatibika. Nilichelewa sana kuuliza.

BrekiYaMwisho

@MikonoMaji asante kwa kulisema. Niongeze dogo la ngozi: ukipata wekundu na muwasho unaofuata umbo la glavu, usiendelee kuvaa ukidhani utazoea. Ngozi nyingi husindikwa kwa kromiamu, na wapo ambao miili yao inaikataa. Badilisha uvae za kitambaa kitupu.

KonaKali

Jozi tatu unazifuaje, mkuu? Maana nilizojaribu mimi zilinuka ndani ya wiki na hilo lilichangia kunikatisha tamaa.

MikonoMaji

Za kitambaa na silikoni nazivaa mikononi kama ninavyozitumia, natia sabuni kidogo, naosha kama nanawa, maji baridi. Nasuuza mpaka povu liishe, nazikamua kwa kuzilaza ndani ya taulo na kulikunja, sizisokoti. Zinakauka zimelala, kivulini. Jua linakakamaza kiganja.

Za swedi siziloweki. Nazigeuza ndani nje kila baada ya mbio zipate hewa, na uchafu natoa kwa mswaki mkavu. Kosa kubwa ni kuzivua na kuzitupa juu ya pedali zikiwa zimefumba. Harufu inazaliwa hapo.

MgeniWaSakiti

Nimeokota sarafu kwa glavu za baiskeli bila shida, ila vijimto vipo. Nilipoendesha nazo ni kama usukani umefungwa kwenye godoro. Basi nimekata uzi wa mshono nikavitoa vile vijimto, vilikuwa kama sponji nyembamba. Zimebaki nyepesi kabisa. Jana nimeendesha saa moja na nusu, vitufe vyote nimevipata kwa kupapasa.

GiaYaTatu (mleta uzi)

Safi sana, hilo la kutoa vijimto sikulifikiria. Angalia tu ile mishono uliyoifungua isije ikaanza kufumuka kuelekea kwenye gumba. Chukua sindano ufunge ncha za uzi.

KonaKali

Narudi na majibu. Rafiki yangu ana mota ya 8 Nm na rimu ya swedi, aliniazima kiti chake Jumamosi nzima pamoja na glavu zake za gokati. Kwa bahati mikono yetu inalingana.

Saa ya kwanza mikono mitupu, saa ya pili na glavu. Kwenye 8 Nm kitambaa kile hakikuniibia kitu. Kila nilichozoea kukitafuta kwa vidole kilikuwa kinakuja mpaka kwenye viwiko. Mkia ulipoanza kutoka nilijua mapema kuliko kwangu, na glavu nikiwa nimevaa. Mikono mitupu ndiyo iliyonisumbua: dakika ya 30 swedi ilishaanza kulowa chini ya viganja, nikaona aibu kwa mwenye rimu, nikasimama kuipangusa.

Nikarudi nyumbani kwenye usukani wangu wa gia, nikavaa zile zile za gokati kwa mizunguko kumi. Afadhali kuliko za kazi, vitufe sikuvikosea. Lakini ule wepesi wa matairi ya mbele haukufika. Nikavua, nikanawa, nikaendelea. Kwa hiyo kwenye G29 nabaki mikono mitupu, na siku nikihamia mota kubwa nitavaa kuanzia siku ya kwanza, kabla rimu haijaanza kung'aa.

Swali moja lililobaki: glavu za rafiki yangu zilinibana kidogo kati ya gumba na kidole cha shahada. Zinalegea zenyewe au nichukue saizi kubwa?

BrekiYaMwisho

Swedi na ngozi zinalegea pale pale kati ya gumba na shahada baada ya saa chache za kuendesha. Za kitambaa cha nailoni hazilegei sana. Pima mzunguko wa kiganja chako kwa futi ya fundi cherehani, chini kidogo ya vifundo vya vidole, gumba lisihesabiwe, mkono ukiwa umefunguka. Linganisha na jedwali la mtengenezaji husika, maana namba 9 ya huyu si namba 9 ya yule. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo kama kiganja ni cha swedi, kubwa kama ni cha kitambaa.